Kunyamaza Si Kufa: Kontroli Boksi Isiyojibu Mashine

Hotuba kwa mafundi wa umeme wa magari. Tumeiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana mnaojifunza, hamjambo?

Nianze na maneno ambayo gereji imeyazoea kuhusu kontroli boksi, kompyuta inayoendesha injini: "Kontroli boksi imekufa." Mashine ya kusoma makosa ya gari imechomekwa, imetafuta, imeandika kwamba hakuna mawasiliano, na hukumu imetoka hapo hapo. Mwenye gari anatumwa akatafute kifaa ambacho pengine ndicho ghali kuliko vyote vilivyo chini ya boneti. Anakileta, kinafungwa, mashine inachomekwa tena. Hakuna mawasiliano. Sasa, ndugu zangu, nani atamrudishia fedha yake?

Mashine ilisema nini hasa? Ilisema: nimeita, sikuitikiwa. Basi. Haikusema aliyeitwa amefariki. Huenda ana njaa, hapati umeme. Huenda amekabwa koo na sensa iliyopiga shoti. Huenda anajibu, ila njia ya kupitisha sauti imekatika. Na huenda kweli amekufa. Ni mambo manne, na ombi langu kwenu leo ni kwamba hili la nne liwe la mwisho kupimwa, maana ndilo pekee linalomgharimu mteja hata pale mnapokosea.

Kabla ya kuvua kifuniko chochote, jiulizeni: nani hajibu? Mashine haipati jibu la kontroli boksi ya injini peke yake, au haipati jibu la yeyote? Iiteni ABS, ile ya breki. Iiteni mifuko ya hewa. Iiteni dashibodi. Zikijibu hizo, na ndani yake mkakuta kodi ya kosa U0100, basi wenzake wanashuhudia kwamba wamempoteza wa injini. Hapo mnajua pa kwenda. Lakini kama hakuna hata mmoja anayejibu, mbona mnaishikia bango kontroli boksi ya injini?

Gari moja liliandikiwa kubadilishwa kontroli boksi kwa sababu mashine haikuwaka kabisa ilipochomekwa. Kumbe pini namba 16 ya soketi ya OBD, pale mashine inapochomekwa, pini ambayo ndiyo humpa mashine umeme wa betri, ilikuwa kavu. Katika magari mengi fyuzi ya pini hiyo ndiyo hiyo hiyo ya soketi ya kuwashia sigara. Chaja mbovu ya simu ilikuwa imeiunguza. Fyuzi moja! Kwa hiyo mwanzo wa kazi ni mita kwenye soketi: pini 16 iwe na volti za betri, pini 4 na pini 5 ziwe ethi nzuri, yaani njia ya kurudi kwenye nguzo hasi ya betri. Ni vipimo vya dakika moja.

Halafu tazameni dashibodi. Ukiwasha swichi bila kupiga starta, taa ya injini inatakiwa iwake. Isipowaka, kuna uwezekano mkubwa kontroli boksi haijaamka. Ila muwe waangalifu hapa, kwa sababu magari ya miaka ya karibuni yana dashibodi inayojiwashia taa hiyo yenyewe inapokosa habari kutoka kwa injini. Taa kuwaka, basi, si ushahidi kamili. Ushahidi ulio bora ni injini yenyewe: kama inawaka na kutulia huku mashine haipati jibu, kontroli boksi iko hai. Mtafuteni aliyekata njia, au muijaribu mashine kwenye gari lingine. Na msiichanganye habari hii na imobilaiza, ile kinga ya wizi inayotambua ufunguo. Imobilaiza ikikataa ufunguo, injini haiwaki, au inawaka sekunde moja mbili inazima, lakini kwa kawaida kontroli boksi bado huijibu mashine.

Sasa tuingie kwenye njaa. Hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo kontroli boksi nzima zinapotupwa.

Betri kwanza. Ikiwa imejaa na imetulia inasoma kama volti 12.6. Ikisoma chini ya 12, ichajini kabla ya kupima kitu kingine. Wakati wa kupiga starta isishuke chini ya volti 9.6 hivi, kwa sababu zipo kontroli boksi zinazozima au kujianzisha upya umeme ukishuka sana.

Kontroli boksi hailishwi kwa waya mmoja. Katika magari mengi kuna umeme wa kudumu unaotoka betri, ambao huishikia kumbukumbu hata swichi ikiwa imezimwa. Kuna umeme wa swichi, ambao ndio unaoiambia iamke. Na kuna umeme mkubwa unaopita kwenye rilei kuu, swichi inayofungwa kwa umeme. Ethi nazo huwa mbili, tatu, hata nne. Ukikosekana umeme mmoja au ethi moja, inaweza kunyamaza kabisa, au ikaamka nusu, na hiyo nusu ndiyo inayowasumbua zaidi. Kwa hiyo tafuteni mchoro wa waya wa gari hilo hilo, mwaka huo huo, injini hiyo hiyo. Kubahatisha pini kwa kuangalia rangi ya waya ni kutafuta hasara.

Je, mmepima pini ya umeme mkasoma volti 12.4, mkaridhika? Naomba msiridhike. Mita ya kidijitali ina ukinzani wa ndani wa takriban omu milioni 10, kwa hiyo inavuta karibu sehemu moja tu ya milioni ya ampea. Uzi mmoja uliobaki katika waya uliokatika unaweza kupitisha hicho. Kiungo kilichooza kwa kutu ya kijani kinaweza kupitisha hicho. Mita itawaonyesha 12.4, na kontroli boksi itakapodai ampea zake hapatabaki kitu. Pimeni penye mzigo. Narudia: pimeni penye mzigo.

Mzigo gani? Balbu ya breki ya wati 21, iliyoungwa waya mbili. Inavuta karibu ampea 1.75, na haina makuu. Fungueni nguzo hasi ya betri, chomoeni plagi ya kontroli boksi, rudisheni betri, washeni swichi. Balbu iunganishwe kati ya pini ya umeme, upande wa nyaya, na nguzo hasi ya betri yenyewe. Iwake nyeupe kabisa. Fanyeni hivyo kwa kila pini ya umeme. Kisha mgeuze: upande mmoja wa balbu kwenye nguzo chanya ya betri, upande wa pili kwenye kila pini ya ethi, moja baada ya nyingine. Hapo pia iwake nyeupe. Balbu hii ni ya pini za umeme na ethi tu, plagi ikiwa nje. Msiiguse nayo waya ya sensa, wala waya ya volti 5, wala pini za kontroli boksi yenyewe.

Pini ya rilei kuu itawapa fumbo. Katika magari mengi kontroli boksi ndiyo inayoivuta rilei hiyo: ikipata umeme wa swichi, inaipa koili ya rilei ethi, rilei inafunga, na umeme mkubwa unarudi kuilisha. Plagi ikiwa nje, rilei haifungi na pini inasoma sifuri, wala hilo si kosa. Chomoeni rilei, muunganishe matundu ya 30 na 87 kwa waya yenye fyuzi ya kiasi kile kile cha saketi, halafu mpime kwa balbu. Na kama plagi ikirudishwa kontroli boksi inaamka kwa njia hiyo ya mkato, basi ulizeni kwa nini rilei haikuvutwa: rilei ni mbovu, umeme wa swichi haufiki, au waya ya koili imekatika.

Chukueni mfano wa gari lililotoka kupakwa rangi. Liliingia linatembea, likatoka linavutwa. Mashine haikupata jibu, mita ikasoma 12.4 kila mahali, watu wakaanza kutafuta kontroli boksi. Balbu ilipounganishwa kwenye pini za ethi, uzi wake ulikuwa mwekundu tu, kama kaa linalozimika. Ethi zote za kontroli boksi zilikuwa zimefungwa kwa boliti moja kwenye bodi, na aliyepaka rangi alikuwa ameipaka na sehemu ile, kisha boliti ikafungwa juu ya rangi. Nyuzi za boliti zilishika chuma kidogo tu. Mita ilitosheka na kile kidogo; kontroli boksi haikutosheka. Dawa yake? Fungua boliti, kwangua mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi juu kuzuia kutu. Robo saa.

Baada ya balbu, rudisheni plagi mpime upotevu wa volti gari likifanya kazi. Mita iwe kwenye volti, waya hasi kwenye nguzo hasi ya betri, waya chanya kwenye pini ya ethi, mkiigusa kwa nyuma ya plagi. Washeni swichi, kisha pigeni starta. Ethi ikizidi volti 0.1 mnayo sababu ya kuifuata. Ikiruka hadi nusu volti au zaidi wakati wa starta, angalieni ule waya mnene wa ethi unaounganisha injini na bodi. Ukilegea, mkondo wa starta hutafuta njia nyingine ya kurudi betri, na njia hiyo mara nyingi ni waya nyembamba za kontroli boksi. Zimewahi kuungua hivyo.

Na plagi zenyewe, ndugu zangu, mziheshimu. Ncha nene ya mita ikisukumwa ndani ya pini ya kike inaipanua, na kosa lililokuwa moja linakuwa mawili. Tumieni pini ya kiume ya saizi ile ile iliyokatwa kutoka plagi ya zamani: isukumeni taratibu, ivuteni. Vidole vinatakiwa vihisi inashika. Ikiingia na kutoka bila kushikwa, kosa mmelipata kwa mkono kabla ya mita. Angalieni pia kutu ya kijani, maji, na mafuta. Ndiyo, mafuta: katika baadhi ya magari mafuta ya injini hupenya sensa ya kemshafti na kutambaa ndani ya waya, chini ya plastiki, mpaka yanatokea kwenye plagi ya kontroli boksi. Ukiona plagi imelowa mafuta mahali pasipo na mafuta, fuata waya hadi kwenye sensa.

Umeme upo, ethi zipo, zimepimwa penye mzigo, na bado kimya. Sasa tuje kwa aliyekabwa koo.

Ndani ya kontroli boksi umeme wa betri hushushwa kuwa volti 5, na sehemu ya hizo volti 5 hutoka nje kulisha sensa. Kwa hiyo sensa ni dirisha la kuchungulia ndani bila kufungua boksi. Chomoeni plagi ya sensa ya waya tatu, swichi ikiwa imewashwa, mpime. Volti 5 zipo? Basi kontroli boksi imeamka, na shida iko kwenye mawasiliano. Hazipo, au mnasoma nusu volti? Msiseme imekufa. Katika baadhi ya magari, waya hiyo ikigusa ethi popote pale kontroli boksi yote hunyamaza, kwa sababu inavutwa chini kutoka nje.

Gari jingine lilikuwa hivyo. Starta inapiga, injini haiwaki, taa ya injini haiwaki, mashine haipati jibu. Volti za sensa zilisoma 0.3. Fundi akaanza kuchomoa sensa moja moja, mita ikiwa mahali pake: ya hewa, ya kanyagio, ya koo la hewa, hakuna mabadiliko. Akachomoa ya presha ya gesi ya kiyoyozi, na papo hapo mita ikaruka hadi 5.0 na taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Sensa yenyewe ilikuwa imepiga shoti ndani. Hebu fikirini: sensa ya kiyoyozi imelaza injini nzima!

Kwa hiyo chomoeni zote, pamoja na zile ambazo hamdhani zinahusika. Zote zikiwa nje na volti bado hazijapanda, zimeni, fungueni betri, chomoeni plagi ya kontroli boksi, mpime ukinzani kati ya waya hiyo ya volti 5 na ethi. Omu chache zinamaanisha shoti iko kwenye nyaya. Kontroli boksi nyingi zina laini mbili au tatu za volti 5 zinazojitegemea, basi pimeni kila laini.

Jambo la tatu ni njia ya sauti. Magari ya CAN, yaani ambayo kompyuta zake (moduli) huzungumza kwa njia moja, yana waya mbili zilizosokotwa pamoja, pini 6 na pini 14 kwenye soketi. Kila mwisho wa njia kuna rezista ya omu 120, na mbili zikiwa sambamba zinatoa omu 60. Fungueni betri, subirini dakika chache moduli zilale, kisha mpime kati ya pini 6 na 14. Omu 60, njia ni nzima kwa kiasi kikubwa. Omu 120, rezista moja haionekani: njia imekatika mahali, au moduli yenye rezista hiyo imechomolewa. Omu 40, kuna mtu ameongeza rezista ya tatu. Karibu na sifuri, waya mbili zimegusana.

Betri ikirudi na swichi ikiwaka, kila waya upimwe na ethi. Njia ikipumzika, zote mbili hukaa volti 2.5, zikizungumza, ya juu hupanda hadi 3.5 na ya chini hushuka hadi 1.5. Mita ya kawaida haina kasi ya kuona hayo, inaonyesha wastani: ya juu inazidi 2.5 kidogo, ya chini inapungua kidogo. Ukisoma sifuri, waya umegusa ethi. Ukisoma 12, umegusa umeme. Kwenye magari ya zamani ya waya moja, pini 7, njia ikiwa imepumzika hukaa karibu na volti za betri, na kifaa kimoja kibovu kinaweza kuishusha mpaka wote wakanyamaza.

Ila kuna mtego. Magari mengi ya sasa yana moduli ya lango kati ya soketi na njia nyingine. Mkipima pini 6 na 14 mnapima kipande kifupi tu cha kuingilia langoni, na kipande hicho kinaweza kuwa kizima huku njia ya injini imeharibika. Kwa hiyo kipimo hicho hicho kifanyeni tena kwenye plagi ya kontroli boksi yenyewe, mkijua kwa mchoro kama rezista moja imo ndani yake.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Gari moja lilisoma omu 0.4. Moduli zikachomolewa moja baada ya nyingine, ABS, usukani, gia, namba haikubadilika hata kidogo. Namba isipobadilika, kosa halimo ndani ya moduli, liko kwenye waya. Wakafuata waya chini ya dashibodi wakakuta kengele ya wizi iliyofungwa baadaye. Waya zake zilisokotwa kwa mkono kwenye waya za CAN, viungo viwili vikiwa sambamba, vimezungushiwa tepu. Joto likalainisha gundi, tepu ikateleza, shaba ikagusa shaba. Mteja hakuitaja kengele kwa sababu alishaisahau. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mwenye gari liwe: nini kimeongezwa, nani aliligusa, limelowa, limechomelewa, betri imewahi kufungwa kinyume?

Basi, tukifika hapa, na umeme uko sawa, ethi ziko sawa, umeme wa swichi unafika, sensa zote zikiwa nje volti 5 hazitoki, njia ni nzima: sasa mna haki ya kusema imekufa. Fungueni boksi. Nuseni, maana kapasita zilizovuja zina harufu kama ya samaki na huacha alama ya mnyevu chini yake, hasa kwenye boksi za miaka ya 1990. Tafuteni mstari wa maji, kutu kwenye miguu ya vipande, transista iliyopasuka au kuacha weusi kwenye bodi.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Transista iliyoungua haikujiunguza. Kuna gari lililounguza kontroli boksi mbili, ya pili ikiwa imedumu siku moja. Katika zote mbili ilikuwa imeungua sehemu ile ile, inayoendesha vali ya hewa ya kutuliza injini. Vali ilipopimwa, koili moja ilisoma omu 50 na mwenzake omu 3. Kipimo hicho kingefanywa mwanzo, boksi ya pili ingekuwa hai. Kabla ya kufunga nyingine, pimeni kila kitu inachokiendesha. Injekta za ukinzani mkubwa ziwe kama omu 12 hadi 16, na zote zifanane. Koili za rilei mara nyingi ni omu 60 hadi 100 hivi. Koili za moto na vali linganisheni na takwimu za gari. Alteneta isizidi volti 15.

Boksi ya kubadilisha iwe na namba ile ile ya kifaa, na mjue mapema kama itahitaji kuandikwa namba ya gari na kuoanishwa na imobilaiza. Nyingi zinahitaji. Boksi ya gari lingine ikifungwa hivi hivi inaweza kujibu mashine vizuri na bado injini isiwake, mkadhani nayo ni mbovu. Wakati wa kuandika programu betri ishikiliwe na chaja maalumu isiyoyumba, karibu volti 13.5, na feni, taa na redio vizimwe. Umeme ukishuka katikati ya kazi, boksi mpya inaweza kubaki bubu.

Mwisho wa kufunga, mpira wa plagi urudi mahali pake, na waya ziachwe zikining'inia kidogo chini ya usawa wa boksi kabla ya kupanda kuingia, ili maji yadondoke hapo yasifuate waya hadi kwenye pini.

Gari liko hapo nje, boneti iko wazi, plagi ya kontroli boksi imechomolewa. Balbu za wati 21 ziko mezani. Vijana waanze na pini za ethi.